Vidonge vya kupevusha yai: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Meza klomifeni, utakuwa Nnalongo." Huko Buganda, ambako wazazi wa pacha hupewa cheo cha Ssalongo na Nnalongo, wapo wanaokitafuta kidonge hiki cha kupevusha yai kwa sababu hiyo tu. Wengi watangoja sana. Katika mimba 100 zinazopatikana kwa klomifeni, za pacha ni kama 7 au 8. Nyingine karibu zote ni za mtoto mmoja. Daktari naye hapendi pacha kama ndugu zako wanavyowapenda: mara nyingi huzaliwa kabla ya wakati, na presha ya mama hupanda kwa urahisi zaidi.

"Letrozoli ni dawa ya kansa, mtoto atazaliwa na kilema." Nusu ya maneno haya ni kweli: ilitengenezwa kutibu kansa ya matiti. Lakini ikitumiwa kupevusha yai, kama klomifeni, humezwa siku tano tu mwanzoni mwa mzunguko, kabla mimba haijatunga. Hofu ilienea mwaka 2005 kutokana na ripoti iliyosomwa kwenye mkutano wa madaktari. Mwaka uliofuata, utafiti wa Kanada uliochunguza watoto 911 ulikuta kasoro za maumbile kwa asilimia 2.4 ya watoto wa letrozoli na 4.8 ya wale wa klomifeni. Mwaka 2014, utafiti wa Marekani kwa wanawake 750 wenye vifuko vingi kwenye ovari ulionyesha kuwa asilimia 27.5 ya waliotumia letrozoli walijifungua mtoto hai, dhidi ya 19.1 kwa klomifeni. Ila usiimeze ukiwa tayari mjamzito, pima kwanza.

"Mimba ya dawa haikai." Huharibika kwa kiwango kisichopishana sana na mimba nyingine. Umri wa mama una uzito zaidi.

"Yai likitoka, mimba imepatikana." Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Klomifeni hutoa yai kwa wanawake 8 hivi kati ya 10, lakini wanaoshika mimba ni kama 4. Haizibui mirija ya uzazi, na Uganda mirija iliyozibwa na maambukizi ni sababu kubwa ya ugumba. Wala haiongezi mbegu za mume. Ssenga, yaani shangazi, humsukuma bibi harusi kliniki mwezi baada ya mwezi, bwana hajapimwa hata mara moja! Kuongeza vidonge kienyeji hakusaidii, kunaweza kuvimbisha ovari. Mizunguko sita ikipita bila mimba, si dozi ya saba inayotakiwa, ni picha ya mirija na kipimo cha mume, ambavyo vingefaa kutangulia.