Mzunguko wa mazao: nani amfuate nani shambani

Mkulima akivuna nyanya, msimu unaofuata akapanda bilinganya, kisha pilipili hoho, halafu viazi mviringo, atakuambia kwa moyo mweupe kwamba anabadilisha mazao. Kwa macho ni kweli, maana hakuna zao lililojirudia. Lakini bakteria wa mnyauko waliojificha kwenye udongo wake hawajaona badiliko lolote. Mazao hayo manne ni ya jamii moja, na bakteria hao huyashambulia yote. Kwao ni kama shamba limepandwa nyanya misimu minne mfululizo.

Mzunguko wa mazao, ambao wengine huuita kilimo cha mzunguko, ni kupanda mazao ya jamii tofauti katika eneo lilelile, msimu baada ya msimu, kwa mpangilio uliokusudiwa. Neno la kushika hapo ni jamii. Mahindi, mtama, ulezi na ngano ni ndugu. Kabichi na sukuma wiki ni ndugu. Tikiti, boga na tango vilevile. Kuchanganya mazao ni jambo jingine: hapo mahindi na maharage hukaa shambani kwa wakati mmoja. Ni njia nzuri, ila anayepanda mchanganyiko huohuo mahali palepale kila mwaka bado hajazungusha kitu.

Faida ya kwanza ya mzunguko ni kuwanyima chakula maadui wanaoishi ardhini. Minyoo fundo (minyoo midogo sana inayovimbisha mizizi), ukungu na bakteria wengi wa udongoni hawawezi kusafiri mbali kwa nguvu zao. Hungoja mmea wanaoupenda urudi. Usiporudi kwa muda wa kutosha, idadi yao hupungua. Kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama, lina subira kubwa zaidi. Mbegu zake ni kama vumbi, na zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri kemikali inayotolewa na mizizi ya nafaka. Hapo ndipo soya na pamba zinapofanya kazi ya ajabu. Mizizi yake huiamsha mbegu ya kiduha, ikachipua, kisha ikakosa mahali pa kujishika na kufa. Kila msimu wa soya hupunguza akiba ya mbegu hizo, ingawa msimu mmoja hauwezi kuimaliza.

Faida ya pili ndiyo inayotajwa sana na kueleweka nusunusu: mikunde, yaani jamii ya maharage, kunde na soya, hurutubisha udongo. Wakulima wa kale waliona kwamba nafaka hustawi ikifuata mikunde, ila sababu ilijulikana karne ya 19. Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel alitangaza kuwa mikunde hupata naitrojeni, kirutubisho kikuu cha mimea, kutoka hewani kupitia vinundu vya mizizi yake, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafanikiwa kuwatenga bakteria wanaoifanya kazi hiyo. Unaweza kuwakagua mwenyewe. Chimba taratibu mche wa kunde unaoanza kutoa maua, kisha pasua kinundu kimoja. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakisaidii kitu.

Sasa, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huishia kwenye punje, na punje huondoka shambani na gunia. Kinachobaki kwa zao lijalo ni majani, mashina na mizizi. Mkulima anayeng'oa maharage na mizizi yake, akayapigia nyumbani na kuyachoma maganda, amepanda mikunde lakini ameihamisha mbolea yake yote. Inaniuma kuona hilo, kwa sababu kazi ngumu ilikwisha kufanyika. Kilichobaki kilikuwa kukata mashina badala ya kung'oa, na kuyarudisha mabaki shambani. Maharage ya kawaida, isitoshe, si hodari sana wa kutengeneza naitrojeni. Soya, kunde na mbaazi kwa kawaida huyashinda, na mbaazi ina mizizi mirefu inayopenya tabaka gumu ambalo mahindi hayalifikii.

Mzunguko bora, kwa hiyo, humpa kila mgeni wa shamba kazi yake. Huko Norfolk, Uingereza, katika karne ya 18, ulienea mzunguko wa miaka 4: ngano, tanipu (mboga ya mzizi), shayiri, klova (malisho ya jamii ya mikunde). Tanipu zilipaliliwa kwa jembe, magugu yakapungua, nazo zikalisha mifugo iliyotoa samadi. Klova ilirudisha naitrojeni. Ardhi ambayo awali ingepumzishwa mwaka mzima ikawa na kazi.

Kosa linalonisumbua zaidi ni kuamini kwamba mazao mawili yakipokezana, mambo yamekwisha. Marekani walijifunza hilo kwa gharama. Huko kuna mbawakawa ambaye funza wake hula mizizi ya mahindi. Jike hutaga kwenye udongo wa shamba la mahindi, na mayai huanguliwa mwaka unaofuata. Wakulima wakawa wanapanda mahindi mwaka huu na soya mwaka ujao, na funza wakifa njaa. Lakini miongoni mwa wadudu hao walikuwapo wachache wenye tabia tofauti. Katika aina moja, mayai mengine yalikaa ardhini majira mawili ya baridi kabla ya kuanguliwa, yakakuta mahindi yamerudi. Katika aina nyingine, majike wengine walitaga kwenye soya, ambako mahindi yangefuata. Hao ndio waliosalia na kuzaana, na mzunguko wa miaka miwili ukapoteza nguvu katika maeneo hayo. Mpangilio wa jamii tatu au nne ni mgumu zaidi kwa mdudu kuuzoea.

Mzunguko hautamzuia kiwavijeshi, kwani nondo wake huruka kutoka mbali. Wala hautengenezi fosforasi na potasiamu, virutubisho vingine vinavyoondoka na mavuno. Kuvirudisha kunahitaji samadi, mboji au mbolea.

Kwa anayeanza, gawa shamba mafungu manne: nafaka, mikunde, jamii ya nyanya, na mboga za jamii ya kabichi au vitunguu. Kila fungu lisogee hatua moja. Uangalifu unahitajika kwenye hesabu: penye misimu miwili ya kupanda kwa mwaka, hatua nne ni miaka 2 tu, na kwa shamba lenye mnyauko muda huo ni mfupi mno. Hesabu miaka, na ng'oa maotea ya nyanya na viazi yanayochipua katikati ya zao jingine, kwa kuwa mche mmoja unatosha kuufuga ugonjwa. Chora ramani ya mafungu yako kwenye daftari na uandike tarehe, zao na sehemu iliyonyauka, kwa sababu baada ya misimu mitano hakuna anayekumbuka viazi vilikuwa upande gani.