12 juu ya 20 ya Kiingereza inatuambia nini?

Wazazi wa hapa Lubumbashi huniletea bulletin ya mtoto, yaani ripoti yake ya alama za shule, na kuuliza swali lilelile: "Prof, hii 12 juu ya 20, mutoto anasikia Kiingereza ao hapana?" Maana yao: anakielewa au la? Sina jibu la kuwapa. Ile 12 imekusanya mnyambuliko wa vitenzi, tafsiri, msamiati uliokaririwa usiku wa kuamkia mtihani, na labda maswali matano ya kifungu kimoja. Ukijumlisha yote hayo unapata namba, ila hujui imetoka wapi.

Mfikirie mwanafunzi wa Katuba, mtaa wa hapa mjini, ambaye Kiingereza chote alichonacho kimetoka ubaoni na kwenye daftari. Mpe aya, ataisoma na kukueleza. Msomee aya hiyohiyo kwa sauti, atabaki kukukodolea macho. Jirani yake wa dawati mama yake ni mfanyabiashara, kila likizo anaandamana naye Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, na akiwa na Wazambia anapatana bei bila mkalimani. Huyo mpe karatasi, anashika mstari mmoja kama anayevuka mto kwa mawe. Bulletin zao zinafanana kabisa, lakini msaada wanaouhitaji hauna uhusiano wowote.

Mwaka 1986 watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer walisema kwamba kuelewa maandishi ni zao la kuzidisha mambo mawili: kuweza kuyageuza maandishi kuwa maneno, na kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Kwa kuwa ni kuzidisha, upande mmoja ukiwa sifuri jibu ni sifuri. Nadharia hiyo imenisaidia sana, ila wao walimwaza mtoto anayejifunza kusoma lugha ambayo tayari anaizungumza. Sisi Kiingereza tunakiona kwanza, tunakisikia baadaye, na wengine hawakisikii hata siku moja. Kwa hiyo kwetu ni lazima sikio na jicho vipimwe mbalimbali, kila kimoja na alama yake.

Namna ninayoipenda ni hii. Tayarisha vifungu viwili vyenye urefu na ugumu unaokaribiana. Gawa darasa nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza isikilize kifungu cha kwanza na isome cha pili. Nusu nyingine ifanye kinyume. Usipowapishanisha hivyo, hutajua kama darasa limeshindwa kusikiliza au kifungu chenyewe ndicho kilikuwa kigumu. Ni kazi ya asubuhi moja, na kinachopatikana ni alama mbili zinazoweza kulinganishwa.

Sasa maswali yenyewe, ambako ndiko mitihani yetu mingi inaharibika. Soma sentensi hii: "Mkubeti alimfinyangulia Zeba vidoro vitatu kabla ya kutundazika." Nijibu. Nani alifinyanguliwa vidoro? Zeba. Vingapi? Vitatu. Mkubeti alifanya nini baadaye? Alitundazika. Umepata tatu juu ya tatu, na hujaelewa chochote, kwa sababu maneno hayo nimeyabuni sasa hivi. Mwanafunzi wa humanités, yaani sekondari ya juu, anatufanyia vivyo hivyo kila juma: anatafuta kwenye kifungu neno lililomo katika swali, ananakili kilicho kando yake, anaondoka na pointi zake. Hadanganyi. Swali ndilo lililomfungulia mlango.

Mlango mwingine ni yale anayoyajua tayari. Kifungu kinahusu malaria, swali linauliza ugonjwa huo unaletwa na nini. Mtoto gani wa mtaa wa Ruashi hamjui mbu? Kipimo chake ni rahisi, nacho nawasihi walimu wenzangu wakifanye kabla ya mtihani wowote mkubwa: wape wanafunzi wa darasa jingine la kiwango hichohicho maswali peke yake, bila kifungu. Maswali 20 ya kuchagua jibu, kila moja likiwa na majibu manne, yakijibiwa kwa kubahatisha tu yataleta kama 5. Wakikuletea 11, jua maswali kadhaa hayahitaji kusoma. Yatafute uyatoe.

Wengine wakisikia hivyo hukimbilia vifungu vya mambo ya mbali, theluji na treni za London, ili mtoto asiwe na la kubahatisha. Hilo silikubali. Mtoto anayeshindwa kwa sababu hajawahi kuona theluji hajashindwa Kiingereza. Chukua mazingira anayoyajua, halafu weka ndani yake tukio ambalo hakuna anayeweza kulijua bila kusoma. Mfano:

"A woman in Katuba sells charcoal. Last week the rain closed the road, so the lorry came on Friday and not on Wednesday. On Thursday she had only five bags left, and she kept two for her sister."

Makaa kila mtu anayajua, na barabara inayofungwa na mvua pia. Lakini lori lilikuja lini? Siku tatu zimetajwa, na anayenakili bila kuelewa ana nafasi nzuri ya kuchukua Jumatano. Na Alhamisi mama huyo angeweza kuuza magunia mangapi? Matatu. Namba tatu haimo popote kwenye kifungu, kwa hiyo hakuna cha kunakili. Na hesabu yenyewe haimsumbui mtoto wa sekondari. Maswali mawili ya namna hiyo yananiambia mengi kuliko kumi ya nani alifanya nini.

Ugumu wa maneno nao una kiasi chake. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kuwa ili msomaji aelewe hadithi vizuri bila msaada, anahitaji kuyajua kama 98% ya maneno yake. Yaani katika kifungu cha maneno 250, asiyoyajua yasizidi 5. Chukua vifungu tunavyonakili kutoka vitabu vya zamani, mpe mwanafunzi wa kawaida kalamu apige mstari chini ya kila neno geni. Mara nyingi anafika 5 kabla ya aya ya kwanza kuisha. Hapo hatupimi tena kusoma, tunapima msamiati, na kuna njia fupi zaidi za kupima msamiati.

Nije kwenye jambo linalonigombanisha na maprefe, wakuu wa shule zetu. Katika madarasa ya chini maswali ya ufahamu nayaandika kwa Kifaransa au Kiswahili, na mwanafunzi anajibu kwa lugha yoyote kati ya hizo. "Mtihani wa Kiingereza bila Kiingereza!" Hapana, Kiingereza kimo kwenye kifungu, mahali ninapokitafuta. Mtoto aliyeelewa vizuri kwamba lori lilichelewa kwa sababu ya barabara, ila hajui kuandika sentensi yenye "because", ukimpa sifuri umempima kuandika. Kuandika kuna siku yake. Hata Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari ambao tuko nao tangu 1967, kwenye Kiingereza inamtaka mwanafunzi achague jibu, haimtaki atunge. Kwa wanaoukaribia mtihani huo narudisha maswali kwa Kiingereza, maana ndivyo watakavyoyakuta, lakini Kiingereza cha swali kiwe chepesi kuliko cha kifungu. Swali gumu kuliko kifungu ni kichekesho, na nimeyaona mengi.

Kusikiliza ndiko kumetupwa kabisa. Kiingereza cha Examen d'État ni cha karatasi, hakina sehemu ya kusikiliza. Na kisichoulizwa mwisho wa humanités hakifundishwi mwanzo wake. Ndivyo tunavyopata finalisti, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, anayejua wakati uliopita timilifu, lakini akiulizwa jina lake na dereva wa lori kutoka Ndola, Zambia, anaomba aandikiwe. Tangu 2022 tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mpaka uko mwendo wa chini ya saa mbili kwa barabara, na makampuni ya madini yanafanya usaili kwa Kiingereza. Sioni udhuru.

Matatizo yapo, na mengi ni ya jengo. Darasa la watu 60 chini ya bati, mwezi wa kwanza, mvua ikianza unaweza kupiga kelele mpaka sauti ikauke. "Prof, mvula ilikuwa nguvu, atukusikia kintu," na wanasema kweli. Aliyekaa dirishani anapimwa masikio, si lugha. Ninaweka mtihani wa kusikiliza asubuhi mapema, mwezi wa tisa au wa kumi, kabla mvua hazijashika kasi, na marudio yake baada ya Pasaka. Umeme nao siutegemei: simu iliyochajiwa na spika ndogo ya betri vinatosha. Kabla ya kuanza simama kwenye kona ya nyuma kabisa usikilize mwenyewe. Kama husikii vizuri, gawa darasa mara mbili.

Kwa nini rekodi, na sio mwalimu asome tu? Kwa sababu mwalimu akisoma mara tatu kwa madarasa matatu, anasoma vifungu vitatu. Akifika kwenye darasa la mwisho, akiona nyuso zimekunjamana, anapunguza mwendo, anarudia neno, anatoa na ishara ya mkono. Ana huruma, lakini alama hazilinganishwi tena. Kuna pia mazoea ya kutamka neno moja moja, kama imla. Hapo ugumu wote wa kusikiliza umeondolewa, maana katika mazungumzo ya kawaida Kiingereza hakina nafasi kati ya neno na neno. Sikio lenyewe ndilo linalokata. Special English, matangazo ya redio ya Sauti ya Amerika kwa wanaojifunza Kiingereza, yaliyoanza 1959, yalitatua jambo hili kwa akili: msamiati wa maneno kama 1,500, mwendo wa theluthi mbili ya kawaida, lakini sentensi inabaki sentensi. Nami nafuata njia hiyo: maneno machache, mapumziko marefu baina ya sentensi, ndani ya sentensi usikatekate. Sauti natafuta ya Mzambia au Mtanzania, kwa kuwa hao ndio watakaozungumza nao.

Wasikilize mara ngapi? IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, inapiga rekodi mara moja. B1 Preliminary ya Cambridge, mtihani wa kiwango cha kati, inapiga mara mbili. Kwetu nasema mbili, na maswali yasomwe kabla, ili mtoto ajue anachokitafuta. Pikipiki ikipita nje wakati wa jibu la nne, mara ya pili inamwokoa. Kifungu kisizidi dakika mbili, na maswali yafuate mpangilio wa kifungu. Zaidi ya hapo unapima kumbukumbu.

Swali moja, na liwe moja tu, naliweka kwa ajili ya sauti zinazotuponyoka. "Fifteen" na "fifty" ni mfano mzuri: anayeuza Kasumbalesa akizichanganya, kwacha 35 za Zambia zimepotea. Mwingine ni "can" na "can't", ambapo Mswahili aliyezoea silabi inayoishia na irabu haisikii ile t ya mwisho, na jibu linageuka kinyume. Ukijaza mtihani mzima mitego ya aina hiyo umerudi kwenye zoezi la matamshi.

Baada ya kusahihisha usitupe karatasi. Zipange kuanzia alama ya juu mpaka ya chini. Kwa karatasi 60, chukua 16 za juu na 16 za chini, kisha kwa kila swali hesabu waliopata. Wakiwa 14 juu na 6 chini, tofauti ni 8. Gawanya kwa 16, unapata 0.5, swali zuri. Likileta 0.1 halitenganishi mtu na mtu. Likishuka chini ya sifuri, yaani wazuri wamekosa kuliko wadhaifu, rudi kwenye kifungu, kwa kuwa karibu kila mara kuna majibu mawili yanayofaa na wazuri ndio waliofika mbali kuliona la pili. Ni hao watakaokuja mezani wakisema "Lakini Prof, mu texte njo bameandika ivi!", yaani ndivyo kifungu kilivyoandikwa. Wasikilize kwanza kabla ya kuwarudisha kwenye viti, kisha mfutie kila mtu swali hilo.

Maswali yaliyofaulu hesabu hiyo nayatunza, kila moja kwenye kipande cha karatasi ngumu pamoja na namba zake, na karatasi za wanafunzi nazikusanya zote nikizihesabu mlangoni. Ikibaki hata moja, kufikia Jumatatu itakuwa inauzwa kwenye meza ya fotokopi mbele ya shule, na majibu yameshajazwa kwa kalamu nyekundu.