Sindano ya Kuzuia Damu Baada ya Kujifungua: Kwa Nini Moja Inataka Friji na Nyingine Haitaki

Mama akishajifungua, kizazi kinatakiwa kikaze haraka. Kikilegea, damu inaweza kumwua ndani ya saa chache. Ndiyo maana mkunga humchoma oksitosini mara mtoto anapozaliwa. Dawa hii ni peptidi, mnyororo wa asidi amino (vijenzi vya protini) 9 tu. Mwanakemia Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara mwaka 1953, akatunukiwa Nobeli ya kemia mwaka 1955.

Udhaifu wake ni joto. Asidi amino ya kwanza na ya sita zimeunganishwa kwa atomu mbili za salfa, na joto huvuruga kiungo hicho, hivyo dawa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika mara kwa mara, ampuli hupoteza nguvu huku maji yake yakibaki maangavu vilevile. Mkunga atajuaje? Hata ile nzima haidumu mwilini: vimeng'enya, yaani protini za kuvunjavunja vitu, vilivyomo katika damu ya mjamzito huinyofoa kuanzia ncha ya mbele, na ndani ya dakika chache nusu yake imekwisha.

Kabetosini ni oksitosini iliyokarabatiwa. Wanakemia waliondoa kundi la amino kwenye ncha hiyo, vimeng'enya vikakosa pa kushika. Salfa moja wakaibadilisha kwa kaboni. Sasa nusu ya dawa huchukua kama dakika 40 kuondoka. Hata hivyo, kabetosini ya awali nayo ilihitaji friji. Kilichoiondolea haja ya friji ni michanganyo ya ndani ya ampuli, ikiwemo methionini inayozuia oksijeni kuiharibu. Toleo hilo hukaa miaka 3 kwenye nyuzi 30.

Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya utafiti wa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo. Waliopoteza damu mililita 500 au zaidi, au kuhitaji dawa ya nyongeza, walikuwa asilimia 14.5 kwa kabetosini na 14.4 kwa oksitosini. Na hiyo ni oksitosini iliyotunzwa baridi ipasavyo, jambo ambalo zahanati nyingi haziwezi kuliahidi.

Lakini kabetosini isitumike kamwe kuanzisha wala kuongeza uchungu. Dripu ya oksitosini ikifungwa, baada ya muda mfupi kizazi hupumzika na mtoto akapata hewa. Kabetosini ikishachomwa, hakuna cha kufunga. Kwa hiyo wodi ya wazazi bado inahitaji friji yake ya oksitosini, na ampuli za dawa hizi mbili zisichanganywe kwenye trei moja.