Ulikaji wa chuma kwa bakteria: kutu isiyohitaji hewa

Fukua bomba la chuma lililolala miaka mingi kwenye udongo wa mfinyanzi uliojaa maji. Unategemea ile kutu nyekundu ya jembe lililosahaulika nje. Pengine usiikute. Utakuta tope jeusi kama masizi, na kabla hujainama vizuri pua imeshapokea habari: uvundo wa yai viza.

Shuleni tulifundishwa kwamba chuma hushika kutu kikipata maji na oksijeni. Sasa udongo ule hauna oksijeni, mbona bomba limelika? Mwaka 1934 Waholanzi wawili, von Wolzogen Kühr na van der Vlugt, waliandika kuhusu mabomba ya chuma cha kusubu yaliyozikwa kwenye udongo wa namna hiyo kwao Uholanzi. Bomba lilikuwa bado na umbo lake, ila chuma chenyewe kilishaondoka, ikabaki grafaiti, kaboni nyeusi kama ya kiini cha penseli, laini ya kukatwa kwa kisu. Walimtaja mhusika: bakteria wanaoishi pasipo hewa.

Tukisema bakteria "wanakula" chuma tunasema kwa mkato tu, maana hawakitafuni. Sisi tunapumua kwa oksijeni. Hawa hutumia salfeti, chumvi iliyopo kwenye udongo na kwa wingi zaidi baharini, karibu gramu 2.7 katika lita moja ya maji. Wanachokitoa ni salfaidi ya haidrojeni, gesi ile ya yai viza. Gesi hiyo ikikutana na chuma inazaa salfaidi ya chuma, ndiyo ule weusi. Ubaya ni kwamba utando huo mweusi unapitisha umeme. Ukibanduka mahali, chuma kilichobaki wazi na ule weusi wa pembeni vinakuwa kama betri ndogo, na chuma ndicho kinachoyeyuka.

Waholanzi wale walidhani bakteria huharakisha mambo kwa kula haidrojeni inayojikusanya juu ya chuma. Hilo limebishaniwa sana tangu hapo. Mwaka 2004 watafiti walieleza bakteria wa baharini wanaoelekea kunyonya elektroni moja kwa moja kutoka kwenye chuma, bila kungojea haidrojeni. Huo naona ndio wizi hasa.

Usidhani basi kwamba maji yenye hewa ni salama. Bakteria hukaa kwa ujirani ndani ya ute unaoganda kwenye chuma: wa juu wanamaliza oksijeni, wa chini wanapata giza lao lisilo na hewa. Wengine, kama Gallionella, hujenga vinundu vya rangi ya chungwa ndani ya mabomba. Kibandue kimoja: nje chungwa, ndani cheusi, na chini yake kijishimo kinachong'aa kama chuma kipya. Kijishimo hicho ndicho cha kuogopa, kwa sababu bomba linatoboka huku sehemu kubwa ya ukuta wake ikiwa nzima kabisa. Bandarini, kwenye kuta na nguzo za chuma, mabaka kama hayo hujitokeza karibu na usawa wa chini kabisa, pale panapoonekana bamvua likikupwa. Anayekagua kwa maji yaliyojaa hataona kitu.

Fundi mwenye shaka anaweza kudondosha tone la asidi ya haidrokloriki kwenye tope jeusi. Likitoa harufu ya yai viza, salfaidi ipo. Ushahidi huo peke yake hautoshi, maana salfaidi huweza kutoka kwingine, lakini unatosha kumfanya achimbe zaidi. Kumwaga dawa ya kuua bakteria juu ya ute ni kazi nusu: ute unawakinga walio chini. Kwanza bomba lisuguliwe, dawa ifuate. Na bomba jipya likishajaribiwa kwa maji, maji hayo yatolewe na bomba likaushwe. Yakiachwa yamesimama humo miezi kadhaa, bomba linaweza kutoboka hata kabla halijaanza kazi.