Maana ya "wizara yenye dhamana" katika mpango wa chakula shuleni

Wizara inapotajwa katika sheria kuwa ndiyo yenye dhamana ya jambo fulani, maana yake si kwamba italitekeleza jambo hilo peke yake, bali kwamba ndiyo itakayoitwa kujibu likiharibika. Wizara nyingine zaweza kutoa fedha, wataalamu au ushauri, lakini swali la mwisho huulizwa yenye dhamana. Katika chakula cha shule dhana hii ina ugumu wake, kwa kuwa sahani moja ya mtoto hupita katika mamlaka kadhaa kabla haijawekwa mbele yake.

Tuifuate sahani hiyo. Nafaka imetoka shambani, na mambo ya shamba ni ya wizara ya kilimo. Kiasi cha protini, chumvi na madini ya chuma kinachomfaa mtoto wa miaka saba hupangwa na wataalamu wa lishe, ambao kwa kawaida wako upande wa afya. Fedha hutoka hazina, na mara nyingi hupitia serikali za mitaa. Jiko, stoo, maji na daftari la mahudhurio linaloonyesha ni watoto wangapi watakula leo, vyote viko shuleni, mikononi mwa mwalimu mkuu. Kila mmoja huiona sahani hiyo kwa jicho lake: kilimo huona soko la mkulima, afya huona kinga dhidi ya upungufu wa damu, ustawi wa jamii huona nafuu kwa kaya maskini, na elimu humwona mwanafunzi anayeweza kukaa darasani hadi mchana bila kusinzia kwa njaa. Kuchagua wizara yenye dhamana, kwa hiyo, ni kuamua mapema lengo lipi litatangulia pale malengo hayo yatakapogongana, na hugongana mara nyingi.

Marekani iliweka dhamana hiyo kwenye kilimo, na sababu yake ni ya kihistoria. Katika miaka ya 1930 bei za mazao ziliporomoka, serikali ikawa inanunua ziada ya wakulima na kuitafutia walaji, na shule zikawa miongoni mwa walaji hao. Sheria ya chakula cha mchana shuleni, iliyotiwa saini na Rais Harry Truman Juni 1946, ikayaunganisha malengo mawili waziwazi: kulinda afya ya watoto na kuhimiza matumizi ya mazao ya nchini. Wizara ya elimu ilipoundwa mwaka 1979, wazo la kuuhamishia mpango huo huko lilikuwa limejadiliwa na kuachwa. Katika ngazi ya majimbo mambo hubadilika, kwani mengi huusimamia kupitia idara za elimu, ilhali Texas, Florida na New Jersey hutumia idara zao za kilimo.

Brazil ilipita njia nyingine, nami naiona kuwa yenye mafunzo zaidi. Mpango wake, ulioanza mwaka 1955, uko chini ya mfuko wa taifa wa maendeleo ya elimu, ambao ni chombo cha wizara ya elimu. Hata hivyo mkulima hakusahauliwa. Sheria ya mwaka 2009 iliagiza kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za chakula zinazotoka serikali kuu zitumike kununua mazao ya wakulima wadogo wa familia, na kwamba orodha ya milo iandaliwe na mtaalamu wa lishe anayewajibika kwayo. Yapo pia mabaraza ya chakula cha shule, yenye wazazi, walimu na wawakilishi wa jamii, ambayo hukagua hesabu, na fedha zaweza kusitishwa hesabu zisipowasilishwa au zikikataliwa. Hapo dhamana imebaki mahali pamoja, lakini maslahi ya kilimo na lishe yamelindwa kwa vifungu vya sheria badala ya kutegemea hisani ya waziri.

Nchini India pia mpango uko chini ya wizara ya elimu, na Novemba 2001 Mahakama ya Juu iliagiza majimbo yawape watoto wa shule za msingi chakula kilichopikwa. Agizo hilo lilikuwa jema, lakini Julai 2013, katika kijiji kimoja cha jimbo la Bihar, watoto 23 walifariki baada ya kula mlo wa shule uliokuwa umechanganyika na dawa ya kuua wadudu. Ni msiba unaoumiza kila unapokumbukwa, na unaonyesha hatari ya kuishushia shule kazi ya kununua, kuhifadhi na kupika pasipo stoo salama, mkaguzi wala mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Dhamana iliyoandikwa makao makuu haimlindi mtoto ikiwa jiko halina mwenyewe.

Kwa maoni yangu wizara ya elimu ndiyo inayostahili dhamana, kwa sababu ndiyo pekee iliyo na watu wake palipo na mtoto kila siku ya masomo, na ndiyo inayojua asubuhi ile ile ni wangapi wamefika. Japani, yenye sheria ya chakula cha shule tangu 1954, huuhesabu mlo wenyewe kuwa sehemu ya malezi ya shuleni, na wanafunzi hupakuliana chakula kwa zamu. Sharti langu ni kwamba viwango vya lishe na ukaguzi wa usafi vibaki kwa wataalamu wa afya, tena wenye mamlaka ya kufunga jiko, kwa kuwa mpishi hapaswi kujikagua mwenyewe.

Uamuzi huu una pengo moja kubwa, nalo ni likizo. Dhamana ya elimu hufuata kalenda ya masomo, na shule zikifungwa hakuna anayepika. Katika hili wizara ya kilimo ya Marekani imeenda mbali zaidi, maana mpango wake wa kiangazi huwalisha watoto hata kwenye maktaba, bustani za umma na makanisa. Elimu ikikabidhiwa chakula cha shule, sheria itaje tangu mwanzo ni nani atakayepokea sufuria siku ya kufunga muhula, na kwa fungu lipi la bajeti.