Meno yamebanana: ni waya tu ndo unaweza?

Hapa Kampala wengi wanaamini meno yaliyobanana hunyooshwa na waya wa chuma tu, na vile vifuniko vya plastiki visivyoonekana ni urembo wa wenye pesa. Ni rahisi kuamini hivyo, chuma kinaonekana kigumu bwana. Lakini kinachosogeza jino ni msukumo mdogo usiokatika, mfupa unayeyuka upande mmoja unajijenga upande wa pili, na plastiki inaweza kufanya hivyo pia, ila uivae saa 20 hadi 22 kwa siku, unavua ukila na ukipiga mswaki basi. Ukishaivua ili ule rolex yako, ile chapati ya mayai, ukaisahau plastiki kwenye tishu hapo mezani, meno hayasogei, na mi naona wengi wanakwama hapo. Waya hausahauliki, ila mahindi ya kuchoma unapukuchua kwanza, ukiuma gunzi, kibati kilichogandishwa kwenye jino kushika waya kinabanduka. Meno yaliyobanana sana au kujipinda mara nyingi waya unayamudu vizuri zaidi.

Kabla hujalipa muulize daktari: eksirei iko wapi, nafasi ya kusogeza meno itatoka wapi, kuna jino litang'olewa, na baadaye ntavaa nini usiku yasirudi? Akiruka eksirei, tafuta mwingine.