"Sikusikia, mama": mtoto anayejichafua na maneno tunayomsingizia

Jirani yangu hapa Makorora, Tanga, ana mtoto wa miaka saba. Jioni moja nilimkuta kando ya karo, kaptula imelowa kinyesi, wenzake wamemkimbia kwa harufu. Mama kashika ufito. "Hukusikia kinatoka?" Mtoto akajibu kwa kwikwi: "Sikusikia, mama." Alikuwa anasema kweli, naye akachapwa.

"Anafanya makusudi, mvivu wa kwenda chooni." Dhana hii ndiyo inayowaumiza watoto kuliko zote. Mara nyingi chanzo ni choo kigumu kilichomuuma siku moja, au choo cha shule kichafu kisicho na mlango. Mtoto akaanza kujibana. Choo kikikaa ndani, utumbo unaendelea kufyonza maji yake, kinakuwa bonge. Sehemu ya mwisho ya utumbo inatanuka na kulegea kama mpira wa kaptula uliovutwa mno. Ikizoea kujaa, haimpi tena mtoto ile hisia ya kubanwa. Choo chepesi kinapenya pembeni mwa bonge na kuvuja, yeye hana habari. Hata harufu haisikii, maana pua yake imeshaizoea. Fimbo inamfundisha kuficha chupi chafu uvunguni, basi.

"Huyo anaharisha, mpe dawa ya kufunga." Hapana! Utamzidishia. Tazama: anavuja kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, kisha baada ya siku kadhaa anatoa choo kikubwa cha kutisha. Huko ni kufunga choo, si kuharisha.

"Ni mchango," au "karogwa." Tusipoteze miezi kwa hilo.

"Ale mapapai tu, atafunguka." Machungwa ya Muheza, kisamvu, maharage na maji ya kutosha vinasaidia sana kuzuia, lakini bonge lililokwisha kukomaa haliondoki kwa chakula peke yake. Na tafadhali, mambo ya kumchomeka kipande cha sabuni tuyaache, kinamuunguza ndani. Daktari huanza na dawa ya kusafisha utumbo, kisha ya kulainisha choo kila siku. Hapo wazazi wengi hukosea: choo kikitoka vizuri wiki moja, wanaacha dawa. Utumbo uliotanuka unahitaji miezi mingi kurudi hali yake na hisia zake. Sambamba na dawa, akishakula akae chooni dakika 5 hadi 10, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo nao huamka. Kama choo ni cha kukalia, awekewe kigoda miguu isining'inie.

"Wote ni choo kigumu tu." Wachache wana tatizo la mishipa ya fahamu, mfano aliyezaliwa na mgongo wazi. Mkague kiuno kwa nyuma: kuna kishimo au kishungi cha nywele? Miguu ni dhaifu? Mkojo nao unamponyoka? Alipozaliwa alipitisha saa 48 bila choo cha kwanza? Mpeleke hospitali mapema, ukayaseme hayo yote. Tumbo likivimba huku anatapika nyongo ya kijani, usingoje kukuche.

Mwalimu naye aambiwe, faraghani: mtoto akiomba kutoka aruhusiwe palepale, na kwenye begi lake kuna kaptula ya pili, imekunjwa chini ya madaftari.